Bahasha ya Bwana Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule nyingi na haya kidogo, palikuwa na mtihani mmoja tu nchi nzima, na mtungaji wake alikuwa Bwana Kiboko. Kwa nini yeye? Kwa sababu mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko yote. Msicheke, wanangu. Huko kwenu sijui wanachaguliwaje.

Mtihani ulitiwa katika bahasha ya gome na kupigwa lakiri. Sheria ilikuwa hii: bahasha ikifunguliwa kabla ya siku yake, mtihani umekufa, na hapana budi utungwe mwingine.

Sasa, katika Shule ya Bondeni alisoma Kidawa, binti wa Pimbi. Pimbi mnamjua? Ni yule mnyama mdogo wa mawemawe, mfupi kama chungu cha mboga. Mama yake Kidawa ndiye aliyepika uji wa shule.

Siku moja Kidawa aliingia jikoni akilia, kwi! kwi! kwi!, karatasi ya mtihani wa majaribio, wa maswali ya zamani ya Bwana Kiboko, mkononi.

"Mama, tazama swali la kwanza! 'Jua likiwaka, mahali bora pa kupumzika ni wapi? A, mtini. B, jiweni. C, majini. D, shimoni.' Nikaandika B."

"Kosa liko wapi? Si umezaliwa juu ya jiwe?"

"Mwalimu kasema jibu ni C. Majini."

"Majini! Wewe ukipumzika majini, mimi nikakuzike wapi?"

Pimbi hakuvua hata kanga ya jikoni. Alishika mwiko wake, huyooo, mpaka ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Nyati.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, Mama Kidawa. Uji umeiva?"

"Umeiva. Nimekuja kwa ajili ya mwanangu."

"Ah, huyo! Nimeshamfuta kwenye orodha ya watahiniwa. Arudie darasa, mwakani tutaona."

"Umemfuta? Kwa kosa gani?"

"Anashusha wastani, mama! Mwaka jana tulikuwa wa pili wilaya nzima. Wa pili! Mwaka huu nataka ngao. Nimemfuta yeye, nimemfuta mtoto wa Kobe, nimewafuta mapacha wa Popo."

"Endelea kufuta, Mwalimu. Mwisho utabaki na wastani mzuri sana wa madawati."

"Mfff!" Nyati alipumua kwa pua, vumbi likatimka. "Rudi jikoni!"

Alirudi. Siku hiyo Pimbi alichemka kabla ya uji wake.

Asubuhi iliyofuata alimpelekea Nyati bakuli lake, akasimama mlangoni, akashusha pumzi ndefu.

"Ee Mola, niepushe na dhambi."

"Dhambi gani?"

"Hamna kitu, Mwalimu. Ni jani tu la mgomba. Lina herufi juu yake, A, B, C, D, arobaini kamili. Eti mtihani wa Bwana Kiboko una maswali mangapi vile?"

Masikio ya Nyati yalisimama, ka! "Arobaini! Umelitoa wapi?"

"Mie mpishi tu, bwana. Nakwenda kulichoma."

"Usichome! Lete hapa!"

"Mwandike Kidawa kwanza. Na mtoto wa Kobe. Na mapacha wa Popo. Na upige muhuri."

"Nitawaandika wote! Ukiwa na majibu, hata jiwe linafaulu!" Akachovya kwato katika wino na kupiga muhuri: twa! twa! twa! twa!

Tangu siku hiyo, katika Shule ya Bondeni hakikufunguliwa kitabu. Kila asubuhi Nyati alisimama mbele na kunguruma, "Tayari?" na darasa zima likaripuka: "Moja A! Mbili D! Tatu D! Nne B!" Wakaimba hivyo wiki tatu. Nyati akisikiliza, amefumba macho, anaiona ngao yake.

"Mama," Kidawa alinong'ona jikoni, "si ndizo herufi nilizochorachora kwa mkaa, nikingoja uji uive?"

"Kunywa uji, mwanangu."

Ikafika siku ya maombi ya watahiniwa. Wazazi walijaa uwanjani, na Bwana Kiboko akaja na bahasha, kama ilivyo desturi, kuwaonyesha kwamba lakiri haijaguswa. Akapanda jukwaani, jukwaa likalia kwichi, kwichi. Akakohoa.

"Watoto wazuri, mko tayari?"

"Moja A! Mbili D! Tatu D! Nne B!"

"Nyamazeni!" Nyati alipiga kelele. Wapi! Walikwenda mpaka arobaini, wakajipigia na makofi.

"Hayo ni majibu!" Kiboko alifoka. "Majibu yangu! Mtihani umeibwa!"

"Si mimi!" Nyati alibwata. "Ni jani!"

Pimbi alirukia juu ya meza ya wageni. "Bwana Kiboko, una hakika ni majibu yako?"

"Nimetunga mimi mwenyewe, kijidudu wewe!"

"Basi la tisa jibu lake ni lipi?"

"La tisa... la tisa..." Mdomo ulifunguka, ukafungika, ukafunguka tena, mtupu.

"Hujui? Watoto wa miaka kumi na mbili unawataka wayajue yote arobaini, na wewe moja tu limekushinda?"

"Najua! Nitawaonyesha!" Akashika bahasha kwa meno. Kwaruuu! Akaitazama karatasi, macho yakamtoka. "Mbona... mbona hayafanani?"

"Yatafananaje? Hizo ni herufi za mwanangu na kipande cha mkaa. Lakini bahasha, bwana mkubwa, umeichana wewe, mbele yetu sote."

Pimbi akamnyakulia karatasi, akasoma kwa sauti: "'Chakula bora kwa mtoto: nyasi za mtoni.' 'Mtoto mwenye adabu hulala wapi? Matopeni.'"

"Matopeni!" Mama Popo alipiga yowe kutoka kwenye tawi. "Wanangu walifutwa kwa sababu hawalali matopeni?"

"Na wangu amerudia darasa mara tatu!" Mama Kobe alilia. "Mara tatu, nikimwita mjinga kwa kinywa changu mwenyewe!"

Hapo wazazi wakainuka. Kiboko hakungoja kuaga. Pu, pu, pu, mpaka mtoni, chubwi!

Mtihani mpya ulitungwa kwa swali moja kutoka kila nyumba. Kidawa aliufanya, na mtoto wa Kobe, na mapacha wa Popo, maana muhuri ukishapigwa haufutiki. Swali la jiwe lilikuwemo. Na la mto pia, kwa watoto wa Kiboko, kwa sababu wao hawakumkosea mtu.

Ndiyo maana hadi leo Kiboko hushinda majini, masikio tu yakichungulia, anasikiliza kama bado tunamwimbia yale majibu. Na Nyati, mkikutana naye porini, humtazama kila mtu kama aliyemshushia wastani.

Anayewapima wote kwa dimbwi lake, siku yake ya kupimwa huwa nchi kavu.