Jina la Mfuuni

Kitongoji chenyewe kilikuwa nyumba chache na mti mmoja wa mfuu, ndiyo maana kikaitwa Mfuuni. Siku moja Shebwana, tajiri wa ng'ombe, akaja na shoka.

"Naukata huu! Kuanzia leo hapa paitwe Kwa Shebwana."

Wanawake wakaguna. Siwema, mama wa mtoto mchanga, akapiga kigelegele.

"Hongera, baba! Ila mti usikatwe kabla jina halijalala usiku mmoja. Na mila unaijua: mwenye jina la kitongoji hamfukuzi mtoto wa kitongoji."

"Nimfukuze nani? Naapa mbele yenu!"

Asubuhi Shebwana akafungua mlango. Watoto wote wa kitongoji walijaa barazani, midomo wazi wakingoja kulishwa. Mbuzi walifungwa kwenye nguzo zake, na juu ya paa miguu midogo ilining'inia.

"Siwema! Nini hiki?"

"Shikamoo, baba. Mfuu uliwalisha, ukawakinga jua, wakaupanda, wakaufungia mbuzi, wala haukuwahi kuwafokea. Jina umelichukua wewe, basi na wana ni wako."

Bati la paa likalia kwa kishindo.

"Urudishieni mfuu jina lake!" Shebwana akapiga ukelele. "Washusheni watoto, nami nakwenda kuupalilia!"