Dumu la Baba Kishindo

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakienda likizo kama watu na kurudi na majigambo kama watu, Kifaru mmoja wa bara aliichukua familia yake kwenda kuiona bahari. Nyie wa nyuma, acheni kusukumana, sijaanza hata kunoga.

Kifaru huyo aliitwa Baba Kishindo, kwa jina la binti yake, na mkewe Mama Kishindo. Siku ya safari mama yake mzazi, mgonjwa wa magoti, alimkabidhi dumu la njano.

"Mwanangu, sitaki kanga, sitaki halua. Nijazie maji ya bahari nikandie magoti yangu. Ukirudi na dumu tupu, usinisalimie."

"Mama! Dumu moja tu? Mimi hiyo bahari nitakuletea nusu!"

Haya. Siku ya kwanza alikwenda na dumu lake mpaka ukingoni. Wimbi likaja, vuuu... pwaa! Akarudi mbio, mkia juu. "Maji ya leo si mazuri," akasema. Siku ya pili yalikuwa na povu mno. Siku ya tatu yalikuwa baridi, na jua la siku hiyo lilikuwa la kupasua vichwa.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa. Mnyama mzito kama nyumba, pembe mbili puani, anaogopa mawimbi! Lakini kusema? Thubutu!

Siku ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho. Basi la kurudi bara lilikuwa la alasiri, na dumu bado kavu.

"Leo twendeni Nyumba ya Samaki," akasema asubuhi. "Mtoto akapate elimu."

Mama Kishindo akalitazama lile dumu begani kwa mumewe, akanyamaza. Mama zenu nao hunyamaza hivyo, mnawajua.

Nyumba ya Samaki ilikuwa ya Mzee Mamba, hatua mia kutoka baharini. Mlangoni alikuwa ameandika: SAMAKI NI NDUGU ZETU. USIGUSE KIOO. Ndugu wenyewe walikuwa wakipungua kila wiki na Mzee Mamba akizidi kunenepa, ila hilo hakuliandika.

Wakaingia. Baba Kishindo, ambaye macho yake hayavuki pua, akaanza kufundisha.

"Unamwona yule, Kishindo? Yule ni papa."

"Baba, lile ni jiwe."

"Papa akilala huwa hivyo hivyo. Na yule kwenye tangi la pembeni ni buibui wa majini."

"Imeandikwa hapa, baba. Pweza."

"Ndiyo hivyo. Pweza ni jina lake la nyumbani."

Sasa, huyo Bi Pweza siku hiyo hakuwa na hamu ya kucheka. Asubuhi Mzee Mamba alikuwa amemwinamia, ananuka vitunguu, akamwambia kwa sauti tamu, "Ndugu yangu, leo jioni shemeji yangu anakuja. Anapenda supu ya pweza, usiulize!"

Bi Pweza akawaza mpaka miguu yote minane ikauma. Bahari aliisikia kwa masikio yake. Lakini juu ya mfuniko wa tangi kulikuwa na jiwe zito, na hata angetoka, mchanga ule wa moto ungemkausha kabla hajafika nusu ya njia. Alihitaji mwenye nguvu wa kuinua jiwe, na chombo cha maji cha kusafiria. Ndipo akaliona dumu.

Akangoja mama na mtoto wasogee kwenye tangi la kasa. Kisha, taratibu, "Psss! Kaka wa bara! Dumu kavu la nini?"

"Nachagua maji."

"Unachagua siku ya ngapi?"

"Ya nne."

"Eh! Mchaguzi kweli. Nayo mawimbi yanasumbua, ee?"

"Nani anaogopa mawimbi? Mimi? Mimi niogope maji?" Akapiga mguu chini, gudu! Tangi likatikisika.

"Nani kasema unaogopa, kaka? Mimi nasema mawimbi yanatia mchanga dumuni. Ya humu ni maji ya bahari ile ile, Mzee Mamba huyaleta kwa ndoo. Hayana mchanga, hayana mawimbi. Sogeza jiwe, uchote. Nani atajua?"

Baba Kishindo akatazama kulia, akatazama kushoto, ingawa kwa macho yale ni kazi bure.

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi? Sisi watu wa pwani, kaka, ukarimu ndio maradhi yetu."

Jiwe na mfuniko akavisukuma kwa pembe, kruuu! Dumu akalizamisha, bwi! bwi! bwi! bwi! Na kati ya bwi ya tatu na ya nne Bi Pweza, ambaye hana mfupa hata mmoja mwilini, akajiminya mdomoni mwa dumu, chururuu, mpaka mguu wa nane ukaingia. Baba Kishindo akakaza kizibo.

"Ahsante, buibui!" akaliambia tangi tupu.

Kutoka nje, Mzee Mamba huyo mlangoni, meno yote wazi.

"Mgeni, dumu lina nini? Maji yangu hayatoki humu! Fungua!"

Baba Kishindo jasho likamtoka. Mle ndani Bi Pweza naye akasikia kila neno, akatoa wino wake wote, fyuuu! Kizibo kilipofunguliwa, maji yalikuwa meusi ti.

"Nini hiki?" Mamba akaruka nyuma.

Baba Kishindo mwenyewe alishtuka, lakini kwake uongo ulikuwa na mbio kuliko mshangao. "Dawa! Dawa ya mizizi, ya magoti ya mama yangu!"

"Phuu! Hayo magoti yana kazi. Piteni, piteni!"

Walipofika mchangani Mama Kishindo akasimama. Kunyamaza kulikuwa kumekwisha.

"Baba Kishindo. Haya ndiyo maji uliyoyachagua siku nne?"

"Yana nguvu haya, mke wangu."

"Mama mkwe nikimpelekea haya atasema nimemzolea mtaroni, na ukoo mzima utasikia. Bahari ile pale. Kayamwage, ujaze mengine."

"Tutachelewa basi..."

"Basi la alasiri, na sasa ni saa sita."

"Halafu maji ya leo..."

"Baba," Kishindo akauliza, "kwani unaogopa?"

Lo! Swali alilolikimbia siku nne, limemkuta mchangani. Akalibeba dumu. Akaenda, maji yakamfika kifundoni, yakamfika magotini. Akafumba macho, akapindua dumu. Weusi ukamwagika, na Bi Pweza ndani yake. Akatoka, akajinyoosha, kisha akamshika Kifaru mguu.

"Yalaaa! Bahari imenikamata! Mama Kishindo, nakufa!"

"Si bahari, kaka, ni mimi buibui. Nakuaga tu. Sisi hatuondoki bila kuaga."

"Wewe? Ulikuwa dumuni?"

"Tangu bwi ya tatu. Jioni hii nilikuwa niwe supu. Mungu akulipe kwa kunibeba."

"Lakini ulisema maji yale hayana kitu!"

"Nilisema hayana mchanga wala mawimbi. Sikusema hayana mimi. Haya, shika dumu vizuri, linakuja."

Pwaaa! Wimbi likalijaza dumu pomoni, likamketisha Baba Kishindo mchangani, matako chini, dumu kifuani. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Jioni, Mzee Mamba aliweka tui la nazi motoni, akaenda kumwita ndugu yake tangini. Shemeji alikula wali mkavu, na hajatia mguu pale mpaka leo.

Na huko bara? Baba Kishindo alisimulia siku saba jinsi bahari yenye mikono minane ilivyomkamata na alivyoitandika. Mama yake alikuwa akijikanda magoti, anasikiliza.

"Kishindo, mjukuu wangu," akauliza mwishowe, "baba yako aliingia majini mpaka wapi?"

"Mpaka magotini, bibi. Siku ya nne. Alifumba macho."

Bibi akaangua kicheko. "Mpaka magotini! Basi kanishinda. Mimi nimekwenda pwani mara tatu nikarudi na dumu hilo hilo tupu, mawimbi yale nayaogopa kama kifo. Mwanangu, si ungesema tu?"

Baba Kishindo akainamisha pembe zake zote mbili.

Nanyi mshike hili mwende mkalale: mficha woga hubeba mzigo wa mwenziwe akidhani ni wake.