Blanketi la Mashati ya Gélase

Mchagua nazi hupata koroma. Waliotunga methali hii walikuwa watu wa pwani, nasi huku Bujumbura tuna michikichi, si minazi, lakini maana yake haihitaji bahari. Mtu akisimama sokoni akiigonga hii na kuitikisa ile, wenzake huondoka na zilizokomaa, naye huachiwa koroma, isiyofaa kunywewa kama dafu wala kukunwa kama nazi. Nimewaona wengi wa namna hiyo, na wengi wao hupoteza mboga tu. Dative wa mtaa wa Musaga alipoteza zaidi.

Dative alikuwa fundi wa sindano aliyefundishwa na masista, na mkono wake ulisifiwa kutoka Musaga hadi mjini. Kasoro yake ilikuwa moja: hakujua kuridhika. Ukosi ambao mteja ameusifu, yeye aliufumua na kuuanza upya. Watu walimwita msanii, sifa ikamwingia kichwani, na sifa ya namna hiyo haitoki kwa urahisi.

Kaka yake, Gélase, aliuawa katika mwaka wa tatu wa vita, siku nyumba yao ilipochomwa kwenye vilima vya juu ya Kanyosha. Mama yao, Adélaïde, alikimbia na fungu la mashati ya mwanawe kichwani na blanketi moja la pindo la bluu kwapani. Akapewa kibanda cha shitingi, yale maturubai ya plastiki, katika kambi ya watu waliohama makwao, huko huko Kanyosha. Dative alimsihi ahamie kwake Musaga, mama akakataa katakata. Kaburi la Gélase lilikuwa karibu na kambi, na hakutaka kuliacha peke yake.

Kwa desturi yetu, mwaka ukipita baada ya mazishi, ukoo hukutana kumaliza msiba. Siku hiyo huitwa kuganduka. Watu hunywa pamoja, na wafiwa huachiliwa warudi katika maisha. Dative aliahidi kwamba siku ya kuganduka kwa Gélase atamfunika mama mabegani, mbele ya ukoo mzima, blanketi lililopambwa kwa mashati ya marehemu. Akayakata mashati yale akatoa umbo la ng'ombe, la ngoma, la migomba mitatu na la baiskeli, akayashonea juu ya kitambaa cheupe. Hata mimi ninayemlaumu nakiri kwamba ilikuwa kazi ya kumtoa mtu machozi.

Likabaki jambo moja. Uso ule wenye mapambo ulipaswa kuunganishwa na bitana chini, na kati yao kuwekwe kitu cha kutia joto, kisha mishono ipite katika tabaka zote tatu izishike pamoja. Lakini nchi ilikuwa imewekewa vikwazo vya biashara, na pamba haikuonekana katika maduka ya Buyenzi wala sokoni.

"Chukua blanketi yangu uweke katikati," Adélaïde akasema. "Mi nitajifunika vitenge. Ni kiangazi, baridi haiko."

"Mama, ni wiki moja tu."

"Wiki moja si kitu, mwana wangu."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa Septemba.

Dative alizipanga tabaka tatu akazipiga shikizo, ile mishono mirefu ya muda inayokatwa kazi ikiisha. Pascaline, mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, aliyeshona naye chumba kimoja, akamshauri bila kuinua macho.

"Ma chère, piga mistari ya kunyooka. Siku moja imeisha, mama analala vizuri."

"Mistari ya kunyooka ni ya magodoro," Dative akajibu. "Hii ni kumbukumbu ya kaka yangu."

Akachora mawimbi ya ziwa kwa kipande cha sabuni. Alipofika theluthi, akaona mawimbi yanammeza ng'ombe, akafumua. Akajaribu magamba ya samaki, akaona ngoma imekuwa ndogo, akafumua. Akaja na msuko wa vikapu, huo ukampendeza siku mbili, kisha nao akaufumua. Uzi ulikuwa adimu, kwa hiyo aliuchomoa ule ule na kuutumia tena hadi ukaanza kunyonyoka. Mashati yalikuwa yamechakaa, na kila alipofumua yaliachwa na matundu, akahitaji mshono mwingine wa kuyaficha.

Kuganduka kulipangwa mwishoni mwa Septemba. Risasi zikalia, kukaahirishwa. Kukapangwa Oktoba, barabara ikafungwa, kukaahirishwa tena. Ukoo ulisikitika. Dative alishusha pumzi, na sitamficha: alifurahi, maana alipata nafasi ya kuchagua zaidi.

Kisha mvua za vuli zikaanza. Jumapili moja alimkuta mama yake amekaa juu ya jiwe ndani ya kibanda, vitenge vimelowa, kikohozi kinamtikisa.

"Dative, ile blanketi iko wapi?"

"Iko karibu kuisha, mama. Nachagua mushono."

"Ulete vile iko. Usiku maji inaingia, nalala nimekaa."

"Apana, mama. Utaivaa mbele ya watu wote. Nikiileta hivi, mashangazi watacheka."

"Mashangazi hawalali humu."

Dative alivua kitenge chake cha pili akamfunika, akambusu, akaondoka akiwaza mshono wa majani. Alimpenda mama yake, wala asitokee mtu wa kusema hakumpenda. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Angekuwa mwovu, ningemsahau.

Juma lililofuata mapigano yalizuka juu ya Kanyosha, wanajeshi wakafunga bariyeri, kizuizi chao cha barabara ya kambini. Siku tisa hakuna aliyepita. Dative hakula vizuri, hakulala vizuri, lakini mikono yake haikutulia: aliamua kwamba mshono utakuwa miraba ya mshazari, na katika kila mraba jani moja. Pascaline alimtazama akichora, akashindwa kunyamaza.

"Watu wanakufa kule, we unachora majani?"

"Nisipochora nitafanya nini? Barabara imefungwa!"

"Wakati ilikuwa wazi ulifanya nini?"

Dative akainama, akachora jani jingine.

Siku ya kumi bariyeri ilifunguliwa. Kabla ya saa nne, Télesphore, mzee aliyesimamia kambi, alifika Musaga kwa baiskeli, magoti yamejaa tope. Alivua kofia mlangoni.

"Dada Dative, pole. Mama yako ametutoka asubuhi hii. Kifua. Kuja na kitu ya kumufunika, kule sanda haiko."

Dative alilichukua lile blanketi jinsi lilivyokuwa, na shikizo zake. Pascaline alifunga cherehani akafuatana naye.

Wanawake wanne walikuwa wamemwosha Adélaïde na kumlaza mkekani. Walilikunjua blanketi, wakayatazama mapambo, mmoja akasema Gélase angefurahi. Lakini walipomwinua maiti kulitandika chini yake, shikizo zikakatika. Uso wa mapambo ukaenda huku, bitana kule, na kile kilichokuwa katikati kikaanguka topeni. Mwanamke mmoja aliinama akakiokota. Akakigeuza, akaona pindo lake la bluu lililochomwa na moto wa siku ile ya Gélase.

"Yoo!" akasema. "Si hii ndiyo blanketi yake?"

Kambi nzima ilikuwa imemsikia Adélaïde akiiulizia usiku wa mvua.

Télesphore alikohoa. "Dada, shimo iko tayari. Saa kumi wanafunga tena bariyeri. Ushone upesi, ama tumuzike hivi."

Dative alipiga magoti kando ya mama yake akashona. Uzi mweupe ulikatika mara ya tatu, Pascaline akampa mweusi. Alipiga mistari ya kunyooka, mishono mikubwa kama punje za mahindi, akampitia ng'ombe, akaipitia ngoma, hakuchagua. Wanaume walisimama wameegemea majembe wakimsubiri. Mkono ule uliosifiwa ulikimbia, mistari ikaenda upande. Kazi iliyomshinda miezi miwili iliisha kabla ya saa tisa.

"Unisamehe, mama," alisema, akasema tena, hata Pascaline akamwinua.

Wakamfunga Adélaïde, wakamzika kando ya mwanawe, wakatawanyika mbio kuiwahi barabara. Kuganduka kwa Gélase hakukufanyika mwaka ule. Mama aliyekusudiwa kupambwa mbele ya ukoo alikufa kwa baridi blanketi lake likiwa linachorwa mawimbi na majani, na mshono aliozikwa nao ndio mbaya kuliko yote aliyowahi kushona binti yake. Mchagua nazi hupata koroma.