Simu Kuukuu ya Wodi ya Wazazi

Mbacha ni mkeka uliochakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Wahenga walituonya tusiutupe mbacha wetu kwa kuutamani msala unaopita kwapani mwa mtu. Hawakuzijua simu za mkononi, lakini onyo lao lilimkuta Chapuchapu mbele ya kompyuta.

Chapuchapu, aliyepewa jina hilo kwa papara zake, aliongoza ofisi ndogo juu ya duka la viatu. Yeye na mwenzake, mama makini aliyeitwa Bi Breki, walitengeneza kiunzi, yaani msingi ambao watunga programu wengine hujenga programu zao juu yake. Siku moja kampuni kubwa ya bima iliahidi kukinunua, mradi kitumie mambo yanayopatikana kwenye simu mpya tu. Chapuchapu akaona nyota ya jaha imemshukia.

"Tuziache simu za zamani," alisema. "Ripoti inaonyesha ni mbili tu katika kila mia."

"Ripoti hutumwa na simu zenye mtandao, bosi," alijibu Bi Breki. "Zisizo na mtandao nani kazihesabu?"

"Wewe nawe! Ungekuwa gari, mpaka leo tungekuwa gereji."

Walicheka wote, lakini neno la bosi ndilo lililopita. Toleo jipya likatoka, nalo lilikataa kila simu iliyozidi miaka minne.

Wiki ya pili, asubuhi, dada mkubwa wa Chapuchapu alimpigia. Alikuwa mkunga katika kituo cha afya kilicho mbali na mtandao, na alikuwa amepanda kilimani kuyatafuta mawasiliano.

"Mdogo wangu, daftari letu la kwenye simu limegoma. Jana wametuwekea jipya, leo linasema simu imezeeka. Kina mama mia mbili wamo humo! Mmoja presha yake iko juu, lazima nimpate leo, na namba yake sina pengine."

"Hamna simu nyingine, dada?"

"Ni hiyo hiyo moja, wodi nzima."

Daftari lile lilijengwa juu ya kiunzi cha Chapuchapu. Aliifungua tena ripoti. Simu ya wodi haikuwemo hata kama nukta. Aliona aibu kubwa, akamgeukia mwenzake. "Nimeharibu, Bi Breki. Nisaidie."

Bi Breki hakumsimanga. "Tugawe milango. Msingi wa zamani ubaki vilevile, kila simu iuingie. Mambo mapya tuyape mlango wake peke yake. Simu isiyoyaweza isiulizwe."

Walifanya kazi bila hata kunywa maji. Kabla ya adhuhuri watunga daftari walikuwa wamepokea kiunzi kilichorekebishwa, wakalijenga upya daftari, na mwendesha pikipiki wa kituo akalipeleka wodini kwenye kadi ya kumbukumbu. Jioni dada alipanda tena kilimani.

"Limefunguka! Mama yule tumempata, tumemlaza, presha inashuka. Mtoto anapiga mateke kama mchezaji."

Chapuchapu alifuta machozi bila kujificha. Barua ya kampuni ya bima ilifika siku tatu baadaye: walikuwa wamechagua kiunzi cha wengine, kisichobeba simu za zamani. Aliisoma mara moja tu, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bi Breki.

"Wodini, kuzihesabu simu kwa macho yangu. Twende, maana sasa nimejua: usiache mbachao kwa msala upitao."