Mtoto Aliyezaliwa Kwenye Gari la Serikali

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya kusimuliwa, maana mimi nilikuwepo. Nilining'inia nyuma ya gari lenyewe. Niliona yote kwa jicho hili la kulia. La kushoto lilijaa vumbi.

Kijijini Kwamlengo palikuwa na watu watatu wasiopatana. Wa kwanza Bwana Afya Shekiango, mtu wa serikali. Wa pili Mangi Temba, mwenye duka. Kwake ungepata dawa ya kikohozi, dawa ya panya na petroli, vyote rafu moja. Wa tatu Bibi Mboni, mkunga. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake, mimi nikiwemo, na mwenyewe anakiri hajapokea tena mtoto mzuri kama mimi.

Siku moja Bwana Afya akaja na gari jeupe lenye kitanda, akakusanya watu.

"Kuanzia leo ugonjwa ni kazi ya serikali! Hakuna kuzalia nyumbani. Hakuna wakunga. Mama akishikwa uchungu, gari litampeleka zahanati."

"Na mimi?" akauliza Bibi Mboni.

"Wewe bibi, kapumzike."

"Na mtoto akiwahi kuliko gari lako?"

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi. Gari lilikuwa zuri, jamani.

Haukupita muda, Sikudhani, mke wa Mhina seremala, akashikwa uchungu. Mhina mbio kwa Bwana Afya. Gari lipo, mafuta hayapo!

"Serikali imetoa gari," akasema Bwana Afya. "Mafuta yako njiani."

"Yanakuja na gari gani?"

Wakaenda kwa Mangi. Mangi akashika dumu, kifuniko hakufungua. "Mimi si serikali, ndugu yangu. Weka kitu." Mhina akaweka redio yake. Mangi akaiwasha kwanza, akasikiliza wimbo mpaka mwisho, ndipo akamimina. Huko Sikudhani anauma shuka.

Muda ulikuwa umeshapotea, wakaenda kwa Bibi Mboni afuatane nao. Mlango umefungwa.

"Nimeambiwa nipumzike," akajibu kutoka ndani. "Napumzika."

"Bibi, nakuomba!"

"Aniombe aliyenipumzisha."

Ikabidi Bwana Afya avue kofia. "Shikamoo, bibi."

"Sisikii."

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba. Sogea nipite."

Wakampakia Sikudhani, gari likaondoka. Kufika bondeni likazama kwenye mchanga, na hapo hapo mtoto akaja. Bibi Mboni akampokea: msichana. Lakini kimya. Bibi akamfuta, akamgeuza, akampigapiga nyayo. Kimya. Bwana Afya akabonyeza king'ora. Uuuuuu! Mtoto akashtuka, akalia kukishinda king'ora. Sote tukalia. Mimi kidogo tu.

Sasa, desturi ya kule, aliyemwokoa mtoto ndiye humpa jina, na mtoto akikua humtunza kama mzazi. Na mtoto asiye na jina hatolewi nje, wala mama yake hatoki. Basi tuliporudi kijijini, Sikudhani yumo ndani na uji wa pilipili manga, na uani kelele.

"Ataitwa Huduma," akasema Bwana Afya. "Kazaliwa kwenye kitanda cha serikali, kaamshwa na king'ora cha serikali. Bila serikali angebebwa kwa machela!"

Mangi akacheka. "Mlileta bati lenye magurudumu, mimi ndiye niliyeligeuza gari. Ataitwa Ndekusara, jina la mama yangu. Na kazi hii serikali ituachie sisi wa biashara."

"Tuwaachie ninyi, kila mwenye uchungu aje na redio?"

"Redio yangu iko wapi?" akadakia Mhina.

"Ipo, shemeji. Inaimba vizuri sana."

Bibi Mboni akatema ugoro. "Gari lilizama, na mafuta ya Mangi yakazama nalo. Mikono hii haikuzama. Ataitwa Mboni."

"Mikono iliyojifungia ndani mama anaumia!" akafoka Bwana Afya.

"Aliyeifungia nani, Bwana Kofia?"

Ndipo Sikudhani akapaza sauti dirishani: "Nyote mlinichelewesha, na nyote mnanidai mtoto! Amueni basi! Uji umenikinaisha, nataka jua!"

Wakatazamana. Hakuna aliyeondoka, hakuna aliyekubali.

Sasa amueni ninyi, lakini msinihukumu mimi. Kila neno nililosema ni kweli tupu, isipokuwa moja: gari lile halikuwa na king'ora. Nilimwona Bwana Afya hana la kujitetea, nikamwongezea. Kweli yenyewe ni kwamba mtoto alinyamaza, na sisi tukanyamaza, kisha akalia mwenyewe.

Haya, mama yake bado yumo ndani. Je, nani alistahili kumpa jina?