Kitufe cha Katibu Elinaja

Wapendwa, leo sikuja na maneno matamu. Chukulieni sharika saba za mlimani. Kila moja ilitunza kwenye kompyuta yake nakala ya kitabu cha zamani cha viwanja: nani alipewa ardhi na kanisa, na mwaka gani. Nakala kuu haikuwepo. Kila mwezi kompyuta hizo ziliulizana kwa mtandao, na iliyotofautiana na zilizo nyingi ilirekebishwa ifanane nazo. Mpango mzuri, maana moja ikiharibika, sita zinaiponya.

Bwana mmoja akakitamani kiwanja cha mjane Nakijwa. Hakuvunja mlango. Mwaka mzima alizungukia makatibu wanne, kwa upole, akiomba paswedi achapishe barua tu. Wakampa. Kwa nini wasimpe? Si alikuwa anaimba kwaya? Kisha siku moja, kwenye nakala zote nne, akafuta jina la Nakijwa, akaandika lake.

Mwezi ulipoisha kompyuta zikaulizana: nne kwa tatu. Nakala mbili za kweli zikageuzwa bila mtu kutazama. Ya saba ilikuwa ya katibu Elinaja, naye alikuwa ameiagiza imuulize kwanza. Ikamuuliza. Akampigia simu katibu mwenzake.

"Kaka, ukurasa wa mama Nakijwa kwenu unasemaje?"

"Unasema kama wengine."

"Umeusoma?"

"Kompyuta imeusoma. Dada, umebaki peke yako. Bonyeza tumalize, mkutano unasubiri ripoti."

Elinaja alimjua Nakijwa. Ndizi za kiwanja kile alikuwa amezila. Akabonyeza.

Nakijwa alipotolewa kiwanjani pamoja na sufuria zake, alimfuata ofisini.

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Yule ni mwizi, kazi yake kuiba. Wewe kazi yako ilikuwa nini?"

Wapendwa! Mnamkasirikia yule bwana, sivyo? Mimi nawakasirikia ninyi, na mimi nikiwemo. Mwizi alijipatia nakala nne. Mbili alipewa na uvivu wetu. Ya mwisho alipewa na mtu aliyeijua kweli akaona haya kusimama nayo peke yake. Tangu lini kweli ikapigiwa kura na watu wasiofungua kitabu? Wangapi humu tumesikia jirani akisingiziwa, tukaitikia kwa sababu benchi zima limeitikia?

Wiki hii ukiulizwa, usiniambie wengine wamesemaje. Niambie ulichokisoma kwa macho yako. Na ukibaki mmoja kati ya saba, baki.