Fisi Alivyochimba Kisima kwa Hiari Yake

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na jiwe!

Juu ya jiwe?

Pimbi!

Chini ya jiwe?

Kiu!

Basi kaeni vizuri, na wewe wa huko nyuma acha kutafuna kwa sauti. Hadithi hii ni ya maji, na koo langu limeshaanza kukauka.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, kule Kaskazini mbali kabisa, ambako barabara ikifika imechoka hujilalia tu, palikuwa na kilima cha mawe. Mbele ya kilima palikuwa na laga, yaani mto wa mchanga. Mvua ikinyesha, maji hupita humo kwa kishindo. Mvua ikikatika, yanausahau huo mto mwaka mzima. Pimbi walikaa kilimani. Mbuni, digidigi na punda milia walikaa uwandani. Na wote walikuwa na kiu.

Miongoni mwa pimbi alikuwapo Bi Pimbi, mwenye sikio moja lililokatika. Lilikatwa na Tai. Maji ya kunywa yalipatikana chemchemini tu, upande wa pili wa uwanda; njiani hapakuwa na hata kichaka, na Tai aliijua njia ile kuliko waliokuwa wakiipita. Siku ile Bi Pimbi aliponyoka, sikio likabaki. Dada yake hakuponyoka.

Sasa kitindamimba wake alikuwa amekua. Kiangazi kilikuwa kinabisha hodi, na mtoto aliyekua huenda chemchemini kwa miguu yake mwenyewe. Bi Pimbi akimwona anavyorukaruka juu ya mawe, hana hili wala lile, alikuwa akiinua macho angani kumtafuta Tai.

"Maji yako hapa hapa," alizoea kusema, akigusa mchanga wa laga kwa kiganja. "Ubaridi wake nausikia."

Yalikuwapo kweli. Lakini pimbi hana kucha za kuchimbia. Ana vinyayo laini kama maandazi. Digidigi ana vikwato. Mbuni anajua kukimbia tu. Mwenye kucha na mabega pale alikuwa mmoja, naye ni Fisi.

Na Fisi alikuwa Mwenyekiti.

Alikuwaje Mwenyekiti? Sikilizeni. Kila mwaka, baridi ikianza kuuma ng'ambo ya bahari, korongo weupe huvuka kuja kwetu. Ni ndege wema, sitaki kuwasema vibaya. Wana miguu mirefu, macho ya huruma, na maneno marefu kuliko miguu. Mara ya kwanza walipoona wanyama wana kiu walihuzunika kweli, mpaka wengine wakajifuta machozi kwa mbawa. Wakaleta magunia ya samaki wakavu, ili ukoo wa Ngiri, wachimbaji wa nyanda za chini, wapate chakula chao na wachimbe kisima.

Wakauliza, "Nani atawatunzia samaki?"

Fisi akacheka, "Hii-hii-hiii-huuu!"

Korongo wakatazamana. "Huyu amefurahi kuliko wote," wakasema. "Huyu ndiye sauti ya jamii."

Tangu hapo ikawa mwendo ule ule. Korongo wanaleta samaki, Fisi anapokea samaki. Korongo wanaruka, Fisi anakula samaki. Ngiri wanakuja kuchimba, Fisi anawaambia, "Mzigo uko njiani." Ngiri wanarudi kwao. Korongo wanarudi tena, Fisi anawaonyesha kibao kilichoandikwa KISIMA.

"Na maji?" wanauliza korongo.

"Maji yako kwenye mchakato," anajibu Fisi.

Wanapiga midomo yao, kata-kata-kata! Wanasimika kibao kingine kikubwa zaidi, wanakwenda zao. Tusiwe watu wa kulaumu tu. Vibao vile vilikuwa na faida. Digidigi walipata kivuli.

Mwaka huo, korongo walipoonekana wakizunguka juu ya kilima, Bi Pimbi alishuka haraka, akamkuta Fisi akichokonoa meno kwa mwiba.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "nimesikia habari, nikaona nisikufiche. Huko milima ya pili, wageni wakija, mwenyekiti wao huingia shimoni yeye mwenyewe akakwaruza mchanga kidogo. Kidogo tu. Wageni wanampigia midomo mpaka wanachoka. Na magunia, Mheshimiwa, mbuni wenyewe wanashindwa kuyabeba."

Fisi akatupa mwiba. Mate yalikuwa yameshamtoka.

"Nikwaruze tu?"

"Ukwaruze tu. Ila mila ifuatwe. Wageni hawa wanapenda mila kuliko wenye mila."

Na mila ya kule ni hii, muishike vizuri. Kisima huchimbwa kwa wimbo. Mwimbaji ni mmoja, hasaidiwi. Wimbo ukiwa hewani, aliye shimoni anachimba. Pumzi ya mwimbaji ikiisha, mchimbaji anapumzika. Lakini anayetoka shimoni wimbo ukiendelea huitwa mtoro wa maji, na hakuna atakayekaa naye, wala kula naye, wala kumwita mwenyekiti. Hata Fisi aliiogopa aibu hiyo.

"Basi tumwite Mbuni aimbe," akasema Bi Pimbi. "Mbuni ana kifua. Mimi na kifua changu hiki, hata kupiga chafya hunichosha."

Fisi akamtazama kifua. Kilikuwa kidogo kama tunda la mkuyu. Akawaza, huyu ataimba mstari mmoja aanguke, nami nitoke nikale samaki wangu.

"Hapana!" akanguruma. "Mbuni sitaki. Utaimba wewe."

"Lakini Mheshimiwa, mimi..."

"Nimesema wewe! Mwenyekiti ni nani hapa?"

"Ni wewe, Mheshimiwa," akasema Bi Pimbi, akainamisha kichwa chini kabisa, kwa sababu alikuwa anashindwa kuficha meno.

Kesho yake asubuhi korongo wakatua, puu, puu, puu, wakajipanga mstari kando ya laga. Mkubwa wao, Mama Korongo, akatoa hotuba. Akasema uendelevu. Akasema wadau. Akasema uendelevu tena. Punda milia mmoja akalala amesimama.

Fisi akaingia mchangani kwa mikogo, kifua mbele. Bi Pimbi akapanda juu ya jiwe lake, lile kubwa lenye ufa nyuma, akaanza:

*Chimba we, chimba we,*
*Maji yamelala, yaamshe!*
*Chimba we, chimba we,*
*Mwenyekiti wetu, yaamshe!*

Kwaru! Fisi akakwaruza. Kwaru-kwaru! Mchanga ukaruka.

Kata-kata-kata! Korongo wakapiga midomo.

"Ameingia mwenyewe!" akasema Mama Korongo. "Mmeona? Mwenyewe!"

Fisi akavimba kwa raha. Akachimba mpaka magotini, akasubiri wimbo uishe. Wimbo haukuisha. Akachimba mpaka tumboni, akasubiri. *Chimba we, chimba we.* Akachimba mpaka mabegani, akainua kichwa. Bi Pimbi alikuwa pale pale juu ya jiwe, mdomo wazi, sauti mpya kabisa.

Alikuwa pale? Nyinyi mnasemaje? Nyuma ya jiwe, ndani ya ule ufa, walijipanga pimbi wote wa kilima: shangazi, wajomba, wakwe, na hata bibi mmoja asiye na jino. Pumzi ya mmoja ikikaribia kuisha, anarudi nyuma hatua moja, na mwenzake anachomoza, ameshaushika wimbo. Pimbi ni pimbi. Fisi hakuwahi kumtazama pimbi hata mmoja usoni sawasawa, sasa angewatofautishaje?

"Bi Pimbi," akaita kutoka shimoni, "mama, hujachoka?"

*Chimba we, chimba we!*

"Kunywa hata maji kwanza!"

*Maji yamelala, yaamshe!*

Kwaru-kwaru-kwaru. Mchanga ukaisha, yakaja mawe madogo. Mawe yakaisha, ukaja udongo mgumu. Jua likapanda. Fisi akaweka mguu mmoja ukingoni apande, ulimi nje.

Mama Korongo akainama juu ya shimo. "Mwenyekiti, unatoka? Wimbo si bado? Nilikuwa nawaambia wenzangu kwamba awamu ya pili ya samaki itategemea..."

"Sitoki!" akasema Fisi. "Nilikuwa naangalia upepo."

Akarudi chini. Kwaru-kwaru.

Sasa, Mama Korongo alikuwa na macho makali. Akamgeukia Mbuni. "Samahani, ndugu. Yule mwimbaji asubuhi alikuwa na sikio lililokatika. Sasa naona masikio yote mawili ni mazima."

Ndani ya ufa pimbi wote wakashika roho zao. Bi Pimbi alikuwa amejibana pale akivuta pumzi. Akamwona kitindamimba wake kando yake, akaiona njia ndefu ya chemchemi, na kivuli cha Tai juu yake. Akafumba macho.

Mbuni akameza mate. Shingo ya mbuni ni ndefu, mate yalichukua muda kufika. "Mama," akasema, "wimbo wa maji ni dawa. Ukiuimba kwa moyo, vilivyokatika huota."

"Ajabu!" akasema Mama Korongo, akawageukia wenzake. "Kumbe na afya pia!"

Kata-kata-kata-kata!

Na Fisi akachimba. Akachimba akicheka kwa uchungu, "Hii-hii-huuu," na korongo wakasema, "Sikieni anavyofurahi." Jua likaanza kuteremka. Bibi asiye na jino alipochukua zamu yake, wimbo ulitoka na upepo mwingi kuliko maneno, lakini wimbo ni wimbo. Alipokuwa anaburuta mstari wa mwisho, ikasikika kutoka chini:

Chubwi!

Kisha, tii-tii-tiririi.

Bi Pimbi mwenyewe ndiye aliyekuja kuumaliza wimbo, sikio lake limekatika vile vile kama asubuhi, lakini nani alikuwa na haja ya masikio wakati huo? Digidigi walikuwa wanaruka. Punda milia aliamka. Mbuni walimtoa Fisi kwa kamba ya makonge, akatoka amelowa, kucha zimekatika, matope mpaka puani. Bi Pimbi akashuka ukingoni, akachota maji kwa viganja vyake vilaini, akamnywesha mtoto wake. Kisha akalia. Hakuona haya kulia mbele ya wageni; alikuwa na furaha, na dada yake alikuwa moyoni.

"Samaki," akasema Fisi, sauti imekauka. "Awamu ya pili. Leteni samaki."

Mama Korongo akamwekea bawa begani. "Mwenyekiti, umetufundisha. Miaka yote tulidhani kisima kinahitaji samaki. Kumbe kinahitaji kiongozi! Umechimba kwa hiari yako, bila hata dagaa mmoja. Tukikulipa sasa si tutakuvunjia heshima?"

"Nivunjieni," akasema Fisi. "Nivunjieni tu."

"Mnyenyekevu pia!" wakasema korongo, kata-kata-kata. Samaki waliokuja nao wakagawiwa pale pale, kila mnyama mkononi mwake, kwa karamu ya kufungua kisima. Fisi alipata wake mmoja, kama wengine. Vibao vya zamani vikang'olewa, vikafanywa kizuizi cha kukinga kisima dhidi ya mchanga, na kikasimikwa kipya kilichoandikwa: KISIMA CHA MWENYEKITI FISI, ALIYECHIMBA KWA HIARI.

Bi Pimbi hakukikasirikia. Hakujua kusoma, na maji yalikuwa matamu.

Lakini korongo wanajua kusimulia kuliko mimi. Mwaka uliofuata walirudi wengi zaidi, wengine wamevuka bahari kwa ajili hiyo tu, kumwona mwenyekiti anayechimba mwenyewe. Wakamwita mtaalamu. Wakampeleka milima ya pili, ambako nako kuna laga na kiu. Akakataa kuchimba, akajidai anaumwa tumbo, akasema ana msiba. Ndipo kutoka juu ya jiwe moja la huko, pimbi mmoja mdogo, ambaye Fisi hamjui, ingawa kwa macho yake alikuwa yule yule, akaanza polepole:

*Chimba we, chimba we...*

Na korongo wote wakainamisha vichwa kumtazama.

Mpaka leo, ukipita Kaskazini ukasikia fisi anacheka jioni, ujue kuna kilima kingine kinapata maji. Tai naye aliichoka ile njia tupu ya chemchemi, akahamia kwingine, na kitindamimba wa Bi Pimbi hajawahi kuipita. Sasa yeye ni baba wa watoto, na anaimba vibaya sana.

Funzo la hadithi hii, watoto, ni hili: wakati mwenzako anafanya kazi, usikae juu ya jiwe unaimba. Ni tabia mbaya. Pili, mheshimuni mwenyekiti wenu, maana bila yeye hakuna kisima. Kibao kinasema hivyo, na kibao hakisemi uongo. Tatu, kama mna samaki, nipeni mimi niwatunzie. Mbona mnacheka?

Hadithi yangu nimeitua hapo, ukingoni mwa kisima. Ikiwa tamu, mgawane bila mwenyekiti. Ikiwa chungu, mrudishieni Fisi. Na mimi, jamani, nileteeni kata ya maji.